Skuta ya Mama Mita

Nianze na hili tusije tukasumbuana mbele ya safari: skuta ya shemeji yangu sikuiua mimi. Nilisema hivyo miaka tisa, nikachoka kusema, na hakuna aliyenisikia. Ukoo mzima ulishakata shauri. Kwenye harusi, kwenye misiba, hata watu wakikaa tu kula, lazima atokee binamu yangu mmoja mjuaji aseme, "Usimpe huyu saa yako akuangalizie, itakufa." Watu wanacheka. Na mimi nacheka, huku nimeuma meno.

Shemeji mwenyewe ni mke wa marehemu kaka yangu. Mtaani anaitwa Mama Mita, kwa sababu ni msoma mita wa idara ya maji, mwaka wa ishirini na saba sasa. Ukitaka kumjua, mwangalie akisoma mita moja tu. Anafunua kifuniko, anafuta kioo kwa kitambaa chake, anainama, anasoma namba kwa sauti. Kisha anasoma tena, maana mara ya kwanza, anasema, ni ya macho, ya pili ndiyo ya kazi. Anaandika kwenye daftari, anamwita mwenye nyumba aone, mwenye nyumba anatia sahihi. Bila sahihi haondoki. Kuna mzee aliwahi kumfungulia mbwa ili asimfikie; Mama Mita alikaa nje ya geti akala chakula chake cha mchana chote, taratibu, mpaka mzee akaona aibu akamfunga mbwa mwenyewe. Na siku akikosea, nadra sana lakini hutokea, hurudi nyumba ile ile, anaikata namba ya zamani kwa mstari mmoja, anaandika mpya, anaomba sahihi upya.

Kazi hiyo alikuwa akiifanya juu ya skuta. Skuta ya zamani, kijani kilichopauka, ile yenye makalio mapana na gia za kuzungusha kwa mkono wa kushoto. Kaka aliinunua ikiwa imeshakula chumvi nyingi. Kaka alikuwa mwoka mikate. Alirudi kutoka kiwandani alfajiri, wakati mkewe ndiyo anaamka, na kabla hajalala alikuwa akimtayarishia skuta: anajaza tanki kutoka kwenye kidumu cha lita tano kilichokaa nyuma ya mlango wa jiko, anafuta kiti, anapiga kiki, anaiacha inaunguruma. Mke akitoka na mkoba wake ni kupanda na kwenda. Miaka kumi na minane hakuwahi kusimama kituo cha mafuta. Kaka alisema mkewe akiingia nyumba za watu ananuka petroli, watadhani amekuja kuwachoma.

Kaka akafariki. Moyo, siku moja tu, asubuhi yupo na jioni hayupo. Wiki baada ya msiba niliichukua skuta nikaisafisha kabureta, plagi na breki. Sikuombwa. Nilitaka mikono iwe na kitu cha kufanya. Wiki tatu baadaye ikazima barabarani, injini ikagoma kuzunguka kabisa. Shemeji akaisukuma mpaka gereji kwangu. Wateja walikuwepo, na mama yangu mzazi alikuwepo, ameniletea chakula. Akasema mbele ya wote, "Kitu kimoja ndicho alichoniachia, na wewe umekiua."

Nikavimba. Nikamwambia aondoke na chuma chake, na akaondoka nacho. Tangu siku hiyo kwake mimi si shemeji tena, ni fundi. Habari ikazunguka ukoo wote kabla jua halijazama. Mama hakuwahi kunitupia neno, ila cherehani yake ilipoharibika aliipeleka kwa mtu mwingine. Miaka minne baadaye naye akatutoka. Wengine wote waseme wanavyotaka, lakini ile cherehani iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Sasa mwaka huu, Jumamosi moja asubuhi, naona mkokoteni unasimama nje, na juu yake imelazwa ile skuta. Kuku walishaifanya kitanda. Nyuma ya mkokoteni Mama Mita. Gereji yangu ina ngazi mbili tu. Alipanda ya kwanza, akapumzika, mkono kwenye goti, akapanda ya pili.

"Fundi," akasema.

"Karibu."

"Nimezunguka kwa mafundi wanne. Mmoja amestaafu, mmoja siku hizi anatengeneza simu, wawili wamesema hizi za zamani nije kwako. Nimekuja shingo upande, ujue."

"Nimejua tangu ulipokuwa kwenye ngazi."

"Magoti yamegoma. Nyumba mia na arobaini kwa miguu, miaka tisa, yamegoma. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Hii inafufuka?"

"Inategemea ilikufa kwa nini."

"Unajua ilikufa kwa nini," akasema, akatoa kwenye mkoba daftari lililochakaa. Kumbe alikuja na ushahidi. Mama Mita alikuwa akiandika namba za dashibodi ya skuta kila siku, kama alivyoandika za maji, na daftari la mwaka ule alilitunza. La kunishtaki.

Nikasema haya, leo ndiyo leo. Nikamwekea kiti karibu kabisa na meza yangu ya kazi. Nilitaka aone kwa macho yake, asije akasema nimebadilisha kitu. Nikafungua kichwa cha injini, nikaanza kuitoa silinda. Haikutoka. Nikaimwagia mafuta, nikaipiga kwa nyundo ya mbao, nikaivuta mpaka jasho likanitoka, ndipo ikaachia. Pistoni ilikuwa imechanika ubavuni, imekwaruzwa juu hadi chini. Nikapitisha kidole ndani. Kukavu kabisa. Injini za namna ile hazina oili ya kulainisha pistoni mpaka uichanganye na petroli kabla ya kujaza tanki. Usipochanganya, chuma kinasugua chuma mpaka vinakamatana. Jambo hili fundi haliulizi mara mbili.

"Shemeji," nikasema, likanitoka lenyewe, "ile mara ya mwisho, oili ulitia kiasi gani?"

"Oili gani?"

"Ya kuchanganya na petroli."

"Petroli ni petroli. Kidumu kiliisha, nikaenda kituoni, yule dada akanijazia."

"Soma hapo ulipoandika."

Akafungua daftari, akavaa miwani. "Fundi amerudisha: arobaini na moja elfu, mia mbili na sita. Kidumu kimekwisha, nimejaza kituoni: arobaini na moja elfu, mia tatu tisini na sita. Imezima: arobaini na moja elfu, mia nne thelathini na saba." Akasoma tena, mara hii kwa sauti ya chini. "Mia na tisini kutoka kwako mpaka kituoni," akasema. "Arobaini na moja tangu kituoni."

"Ndiyo."

"Kwenye kidumu kulikuwa na nini?"

"Petroli na oili. Kaka alikuwa anachanganya mwenyewe. Lazima alikuwa na kipimo."

Akaivua miwani. "Kikombe cha bati," akasema. "Cha kupimia hamira, alikileta kutoka kiwandani. Kilikuwa kinanata, na mimi nilikuwa namgombeza kila wiki, kwa nini kikombe kinanata. Hakunijibu hata siku moja, anacheka tu. Wiki ya pili ya msiba nilikitupa."

Nitasema ukweli, nilifurahi. Miaka tisa nilikuwa na hotuba kichwani, ndefu, yenye vituo vyake, na sasa mahali pake palikuwa pamefika. Nikafungua mdomo. Yeye akawa anajaribu kuinuka kitini. Jaribio la kwanza goti likakataa, akarudi chini. La pili akashika meza yangu ndipo akasimama. Hotuba ikanikwama. Maana siku ile alipoileta, ningeifungua injini badala ya kuvimba, ndani ya saa moja ningeona hiki nilichokiona leo, na asingetembea miaka tisa. Na kabla ya hapo, nilipoosha kabureta, niliinusa oili ndani yake. Nilijua kaka ndiye anayechanganya. Sikumuuliza mkewe kama analijua hilo. Nilidhani mtu aliyeendesha miaka kumi na minane anajua.

Hayo yote nilijua. Sikuyasema.

"Tengeneza," akasema, akashuka ngazi zake mbili.

Ilinichukua wiki saba. Silinda niliipeleka ikachongwe, pistoni kubwa kidogo nikaipata kwa mzee mmoja aliyefunga duka la vipuri lakini hakutupa kitu. Sakafu ya skuta ilikuwa imeliwa na kutu, ukikanyaga unaona ardhi, nikaichomelea bati jipya. Nyaya zote mpya: klachi, gia, breki. Matairi yalikatika kwa vidole kama biskuti. Kwenye rangi tuligombana siku mbili. Mimi nilitaka kijani kinachong'aa, yeye akaleta kifuniko cha sufuria chenye kijani kilichopauka akasema, "Hiki." Kila Jumamosi alikuja, akakaa pale pale, akaniangalia nikifanya kazi, akauliza hiki ni nini na kile ni nini. Kuhusu lile jambo, kimya.

Kimya chake kilinikera kuliko makelele yake ya zamani. Kunitangaza alinitangaza kwa mdomo mpana, mchana kweupe. Kuniomba samahani hata kwa kunong'ona imemshinda? Nyumbani nilimlalamikia mke wangu mpaka akachoka. "Mwache," akasema, "bado anasoma mara ya pili."

Siku ya kuiwasha nilimpa kikombe kipya na kidumu kitupu. Akapima oili mwenyewe, akakiinua kikombe usawa wa macho, akakiweka chini, akakiinua tena. Akachanganya, akatikisa, akajaza tanki. Goti la kulia halikutaka kiki, nikamfundisha kusimama pembeni apige kwa mguu wa kushoto, wenye afadhali. Ya tatu ikakubali. Moshi ukajaa gereji nzima, na yeye akasimama katikati yake amefumba macho. Nilijua anamkumbuka nani, maana na mimi nilikuwa namkumbuka yeye huyo huyo.

"Nenda mpaka pale kona, urudi," nikamwambia. "Polepole. Pistoni mpya haitaki kukimbizwa."

Akaenda mpaka kona, akakata, akapotea.

Dakika kumi. Nusu saa. Nikapiga simu, haipokelewi. Nikatembea mpaka kona na ovaroli yangu, nikaangalia huku na huku, hakuna skuta wala mtu. Nikaanza kuhesabu nilichofunga na nilichosahau. Hofu iliyonishika sitaki kuificha: nilidhani imekamata tena, na safari hii kweli ni mimi.

Kwenye saa tano simu ikalia. Shangazi.

"Shemeji yako ametoka hapa sasa hivi. Amekuja na daftari, anasema alikosea kusoma. Ameniomba sahihi."

"Sahihi ya nini, shangazi?"

"Kwamba skuta aliiua yeye, si wewe. Nikamwambia sioni, miwani yangu imevunjika. Akanisomea. Mara mbili."

Kabla sijaiweka simu chini ikalia tena, mjomba. Kisha dada yangu, analia. Kisha wengine, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa mitaa, kama anavyozunguka na mita zake. Kwenye saa nane akapiga yule binamu mjuaji. Alikohoa kwanza. "Nina saa yangu hapa," akasema, "imesimama. Utaniangalizia?"

Nikamwambia ailete.

Saa kumi alasiri nikaisikia kabla sijaiona, inaunguruma vizuri, haina tatizo lolote. Akazima, akashuka, akanipa daftari. Ule ukurasa wa zamani. Pale alipoandika miaka tisa iliyopita, "Imeharibiwa na fundi", pamekatwa mstari mmoja, na chini yake, "Imeharibiwa na mimi, kwa kutojua." Kisha majina kumi na moja, kila moja na namba ya dashibodi alipofika, na sahihi. Jina la kumi na mbili lilikuwa la mama yangu. Namba haikuwepo, sahihi haikuwepo.

"Shemeji," akasema. Neno hilo sikulisikia kinywani mwake miaka tisa. "Mama nilimwambia mimi mwenyewe, hapo mlangoni. Amekwenda akiamini. Nimemwandika, halafu sikujua nimpelekee nani atie sahihi. Unisamehe."

Nikachukua kalamu. Mkono ulikuwa na grisi, nikaufuta kwenye ovaroli. Nikatia sahihi mimi, kwenye mstari wa mama. Halafu chini yake, kwa mwandiko wangu mbaya, nikaandika mstari wa kumi na tatu: "Fundi alinusa oili, hakuuliza. Akaletewa skuta, hakuifungua."

Nikamrudishia daftari. Akavaa miwani, akausoma kwa sauti. Akaniangalia, kisha akaangalia magoti yake, akausoma tena. Halafu akaniomba kalamu, akatia sahihi.