Kila Nikimpangia Kitabu Chake, Kinarudi Kimeharibika

Admin, nifichie jina, maana wahusika wote wanausoma ukurasa huu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni binti wa miaka 26, kwetu Pangani, nafanya kazi kwenye ofisi ya kupanga na kuchapa vitabu hapa Tanga mjini. Baada ya Idi alikuja mwalimu mmoja wa kompyuta, mpole, na kitabu chake cha kufundishia programu. Alitaka kila penye maagizo ya kompyuta pawekwe kisanduku cha rangi ya kijivu nyuma ya maandishi, ili mwanafunzi asichanganye maagizo na maelezo. Nikampangia vizuri, nikampa faili akaipitie.

Akarudi nayo. Visanduku vingine vimekatika katikati ya ukurasa, kwingine kijivu kimekolea hadi maandishi hayasomeki. Nikarekebisha, yeye kakaa pembeni ananihadithia mambo ya kwao Muheza, tunacheka. Haukupita muda karudi tena, kazi imevurugika vilevile. Ikawa ndio mtindo. Nikaanza kujiona sijui kitu.

Bosi wangu, mama mmoja mkali, akachoka. Akanisema mbele ya wateja: "We mtoto, kutia rangi tu kunakushinda? Mwisho wa mwezi utafute pengine." Mwalimu alikuwepo. Akainamia simu yake.

Juzi nikampelekea faili chuoni kwake. Mlango ulikuwa wazi, nikasimama nyuma yake. Ndugu zangu, nilimwona kwa macho yangu anafungua kazi yangu, anakikata kisanduku!

"Mwalimu, unafanya nini?"

Akashtuka kama kaungua. "Nisamehe. Kitabu kikiisha, nitakuja kwako kwa lipi?"

"Na siku ile nasemwa, ulikuwa wapi?"

Akabaki kunisihi nisimwambie bosi, eti ataaibika.

Kumbe alishatuma wazee nyumbani kwetu kuniposa. Jioni mama akanipigia, furaha tupu: "Mwanangu, mwalimu, tena mstaarabu! Wageni wanakuja Jumapili."

Nampenda, hilo silifichi. Lakini aliyenyamaza nikidhalilishwa kwa kosa lake, kesho atanitetea mbele ya mawifi?

Jumapili ni keshokutwa. Nimwambie bosi ukweli, posa ivunjike, au ninyamaze niolewe huku kazi nimeikosa? Semeni nami jamani, hata kukaa chini siwezi.