Pale Santuri Inaporuka

Fundi wa makochi alilipiga pasi shati lake la mistari, akalivaa, akajitazama, akalivua, akalipiga pasi tena. Ungemwona ungedhani anakwenda kuposa. Kumbe anakwenda kusikiliza santuri ambayo anayo nyumbani kwake, kabatini, na anaijua kuliko anavyoijua sura yake mwenyewe.

Tangazo alikuwa ameliona nje ya duka la vitambaa: wapenzi wa ile albamu ya roki wanakaribishwa Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa vijana, waisikilize pamoja mwanzo hadi mwisho. Chini ya maandishi palikuwa na picha ya jalada lake, kiti kimoja chekundu katikati ya barabara tupu. Fundi alisimama pale na robota la kitambaa begani hadi mwenye duka akamuuliza kama amesahau kitu.

Kiti hicho ndicho kilichomponza. Ujanani mwake alikiona dirishani kwa muuza santuri, akaona mgongo wake umeshonwa vibaya, akaingia ndani akitazame kwa karibu. Akatoka na santuri kwapani. Roki hakuwa akiijua, alidhani ni makelele ya watu wenye nywele ndefu. Alipoiweka kwenye gramafoni ya karakana, nyundo ilimdondoka. Alikuwa na misumari mdomoni kama kawaida ya kazi yake, na ni bahati tu kwamba hakuimeza.

Hakuweza kukaa na kitu kama hicho peke yake, akawaita wenzake wawili. Mmoja alikuwa mwoka mikate, aliyekuja na unga hadi masikioni. Wa pili waliyemwita Mitambo aliendesha mashine kwenye kinu cha kusaga nafaka, na hata akicheka alinguruma. Kila Jumapili walijitupa kwenye makochi ya wateja, yale yaliyotakiwa kupelekwa kesho yake, na kila mtu akachukua chombo chake. Mwoka mikate alipiga ngoma juu ya sponji. Mitambo alipiga gitaa kwa rula ndefu ya kupimia vitambaa. Fundi alipiga besi, kwa mdomo, kidevu kikiwa kifuani.

"Besi ni ya nini, Fundi?" Mitambo alikuwa akimchokoza. "Ukiitoa hakuna atakayejua."

"Itoe basi, uone nyumba itakavyoporomoka."

Mitambo alikuwa na binti aliyeanza kutembea, aliyelazwa kwenye vipande vya sponji wakati wakubwa wakifanya wazimu wao. Siku moja aliamka, akajikongoja hadi kwenye gramafoni, akauvuta mkono wa sindano. Mkwaruzo ukabaki. Tangu siku hiyo, katika wimbo ambao mwimbaji anabembeleza, "Nifungulie mlango, nimetoka mbali, nisije nikalowa na mvua," sindano iliruka kutoka "nifungulie" moja kwa moja hadi "mvua". Walicheka nusura wavunjike mbavu. Baadaye wakazoea. Mwishowe wakawa hawawezi kuuimba vingine, wanaume watatu wazima wanapaza sauti, "Nifungulie mvua!" na majirani wakitikisa vichwa.

Kisha mwoka mikate akafariki ghafla, tanuri lake likiwa bado la moto. Mke wa Fundi akafuata. Mwanawe alipata kazi mbali, akawa anapiga simu kuuliza kama baba amekula. Aliyebaki ni Mitambo, na huyo naye Fundi akampoteza, tena kwa ugomvi ambao hata kuusimulia ni aibu.

Mitambo alianza kulalamika kwamba santuri imekwisha. "Imechakaa, Fundi. Sauti imekufa. Gitaa silisikii kabisa." Fundi alisikia gitaa vizuri tu, akamwambia aache kudeka. Jumapili iliyofuata Mitambo akaja na santuri nyingine, albamu ileile, mpya, ingali ndani ya nailoni. Fundi aliitazama kana kwamba ameambiwa abadilishe mke.

"Rudi nayo kwako," alisema. "Hiyo haitujui sisi."

"Yako haisikiki!"

"Inasikika. Wewe ndiye umechoka nasi."

"Na wewe masikio yako yamejaa sponji!" Mitambo alinguruma, akaubamiza mlango akaenda zake.

Fundi alimeza kiburi akampigia simu. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena baada ya wiki, ikawa vilevile. Alipokwenda nyumbani kwake alikuta wapangaji wengine, mwenyewe amestaafu kinuni na kuhama. Fundi akaamini ametupwa. Toka hapo Jumapili zake zilikuwa hivi: anaiweka santuri, anakaa upande mmoja wa kochi, upande wa pili anauacha wazi. Ikifika pale pa kuruka anaimba "Nifungulie mvua" kwa sauti, halafu anaona haya, ingawa hakuna wa kumwonea haya. Alikuwa mpweke, hakuna neno jingine la kulipamba jambo hilo.

Kwa hiyo mwenye shati la mistari hakwenda ukumbini kwa ajili ya muziki. Alijiambia kwamba kama Mitambo yu hai na angali na masikio, shughuli hii hawezi kuikosa. Atamwomba radhi, basi.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, jambo lililomsikitisha. Alichagua kiti karibu na mlango, akaweka koti lake kwenye kiti cha jirani.

"Mzee, hapa pana mtu?" kijana mmoja alimuuliza.

"Yupo. Anakuja."

Watu walijaa, wengi wao umri wa mwanawe. Kabla ya kuanza, kipaza sauti kilizungushwa ili kila anayetaka aseme kwa nini anaipenda albamu hii. Mmoja alijua ilirekodiwa studio gani na mpiga ngoma aliumwa nini siku ile. Mwingine alilia katikati ya maneno yake, wenzake wakampigia makofi. Kipaza sauti kilipomfikia, Fundi alikohoa.

"Mimi nilipenda kiti," alisema.

Walicheka kwa adabu. Naye akakaa, masikio yakimwaka.

Upande wa kwanza ukaisha, Mitambo hakutokea. Kijana yule alikuwa bado amesimama ukutani. Fundi alilitoa koti lake, akalikunja mapajani. "Kaa tu, mwanangu," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe ilivyokuwa ndogo.

Upande wa pili ukaanza. Spika zilikuwa kubwa mno na muziki ulikuwa safi, na usafi wenyewe ulimfanya Fundi ajione mgeni katika nyumba yake. Ukafika wimbo wao. Ukumbi mzima ukasimama kuimba. Mwimbaji akasema "nifungulie", watu wote wakasema "mlango", na mdomo wa Fundi, bila kumtaka ushauri, ukaruka.

"Mvua!"

Lakini sauti zilizoruka zilikuwa mbili. Nyingine ilikuwa ya mwanamke, nyuma kabisa.

Watu walikuwa wakicheka. Fundi hakuwasikia. Alipita katikati ya mabega na mikoba, akaangusha kiti, hakukiinua. Pembeni mwa spika ya nyuma, mahali pasipoonekana kutoka mlangoni na ambapo hakuna mwenye akili zake angekaa, palikuwa na mwanamke aliyejiziba mdomo. Kando yake mzee mmoja alikuwa amefumba macho, viganja vyake viwili vimebandikwa kwenye ubavu wa spika. Yeye hakuwa akiimba.

"Shikamoo, baba mdogo," mwanamke alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeiharibu santuri yangu."

"Ndiye mimi."

Alimgusa baba yake begani. Mitambo akafumbua macho, akamtazama Fundi, akalitazama shati.

"FUNDI!" alinguruma, ukumbi mzima ukageuka. "ILE YETU BADO INARUKA?"

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Watu walikuwa wakimzomea Mitambo anyamaze, naye anatabasamu tu.

"Hasikii," binti alimweleza Fundi sikioni. "Ni kile kinu. Kwanza lilimpotea gitaa, na sauti nyembamba zote. Sisi tulijua, yeye alikataa. Alisema santuri yako imechakaa."

"Na simu?"

"Haisikii ikilia. Nikamwambia twende kwako, akasema asiyesikia ataenda kwa Fundi kufanya nini, kujaza kochi? Amebakiwa na besi, baba mdogo. Anaishika kwa mikono."

Fundi aliketi. Aliinama hadi sikio la rafiki yake.

"Nisamehe," alisema.

"SEMA KWA NGUVU!"

Neno lile halikuwa la kupigia kelele mbele ya watu. Fundi alishindwa. Akaweka kiganja chake kwenye spika, kando ya viganja vya Mitambo, wakakaa hivyo hadi wimbo wa mwisho.

Wimbo wa mwisho unaisha kwa namna yake. Ngoma hunyamaza kwanza, kisha besi, na gitaa hubaki likilia peke yake kwa muda mrefu. Besi iliponyamaza, Mitambo aliondoa mikono, akaifuta kwenye suruali, akaanza kutafuta kofia yake. Ukumbi ulikuwa bado unalisikiliza gitaa, hakuna aliyetikisika.

"Imekwisha," alisema.

Fundi alikataa kwa kichwa. Aliuchukua mkono wa Mitambo, akaukunjua, na kwa kidole chake kilichokomazwa na nyundo akaanza kugonga kiganjani, noti moja baada ya nyingine, lile gitaa. Mitambo alikunja uso. Kisha uso ukakunjuka, na vidole vya mkono wake wa pili vikaanza kucheza juu ya goti.

"Hapa ndipo linapolia," alisema, safari hii kwa sauti ya chini, akafumba macho.

Wimbo ukaisha. Watu walisimama, wakapiga makofi, wakaanza kukusanya viti. Fundi aliendelea kugonga.