Maji Meupe ya Mama Chumvi

Ukimsikiliza jirani yake, fundi cherehani wa mlango wa pili, siku ile tangi la Mama Chumvi lilivuta sigara.

"Nasema nililoliona kwa macho yangu," anaapa, sindano mdomoni. "Kombe wake, yule mwenye ganda, alijikunja, akapiga chafya, moshi ukamtoka. Kufumba na kufumbua, maji yote maziwa!"

Mama Chumvi anacheka mpaka kitambaa kinamteleza kichwani. Yupo sebuleni kwake, mikono imelowa hadi viwiko, anafuta kioo cha tangi la matumbawe, mahali ambapo wenzake huweka kabati la vyombo.

"Sigara gani? Kombe wangu walikuwa wanazaa."

Kazi yake ni kuosha matangi ya samaki mahotelini na kwenye zahanati. Jina amelipata kwa kukoroga chumvi ndooni kila siku, maana samaki wake ni wa baharini na bomba halitoi bahari. Kombe hao wawili, wenye ganda nene na midomo ya buluu, aliachiwa na mteja aliyekuwa anahama.

Mwaka jana walizaa pia, maji yakawa meupe vilevile. Lakini katika kazi yake maji meupe ni ugomvi na mteja: unamwaga upesi, unajaza mengine, unaomba radhi. Mkono ukaenda wenyewe. Akili ilipomrudia, kizazi kizima kilikuwa kimeshaingia mtaroni.

"Nilikaa chini, sakafuni kwenye maji," anasema. "Mume wangu akaniuliza, nani kafa? Nikamwambia, hata idadi yao siijui."

Safari hii alikuwa kazini. Fundi, ambaye huachiwa ufunguo, ndiye aliyeingia kutazama samaki, maji yakabadilika mbele yake. Akaleta ndoo zake, akayachota ili kuokoa samaki. Mama Chumvi aliporudi alizikuta zimejaa, zimepangwa mlangoni, na jirani ameinua ya kwanza tayari kuimwaga.

"Weka chini! Weka chini, mwenzangu!"

"Nakuokolea samaki, wewe unanifokea?"

"Umebeba watoto hapo!"

Fundi aliitua ndoo taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Na kweli yalikuwa mayai.

Sasa yapata miezi miwili. Wengi wamekufa. Waliobaki wametulia juu ya kigae ndani ya beseni, wadogo kama punje za ufuta. Shida yao ni jua, kwa sababu kombe wa aina hii hulishwa na mwanga kama mmea. Taa iliyopo inawatosha wazazi tu, na sebule ya Mama Chumvi inatazamana na ukuta. Dirisha lenye jua ni la fundi, pale anapotundika magauni wateja wayaone.

Wakikua, anataka kuwauzia wenye matangi kombe aliowalea mwenyewe, wasing'oe tena wa baharini. "Na mimi nipumzike kusugua vioo vya watu," anasema.

Leo mchana amebeba beseni mpaka mlango wa pili.

"Dada, naomba dirisha lako. Mpaka wafike ukubwa wa ukucha, basi. Hawa ndoo yako ndiyo iliyowaokota."

Cherehani inanyamaza. Fundi anachomoa sindano mdomoni, anayatazama magauni yake dirishani, kisha anavaa miwani na kuinama juu ya beseni.

"Huyu anatembea?" anauliza. "Au macho yangu?"

"Yupi?"

"Huyo hapo, pembeni. Mlete dirishani tumwone."

Mama Chumvi anainama naye kutazama, beseni likiwa bado mikononi mwake.