Kumlaza Mama kwa Salamu

Wakati wa Mjerumani, reli ilipokwisha kufika Morogoro, nilikuwa nikifunga vidonda katika kijihospitali cha mjini. Daktari wetu, Mjerumani mwenye haraka, alijua kumlaza mtu kwa maneno matupu, akamkata jipu bila mwenyewe kuhisi. Basi ilikuwa hivyo kwao Ulaya. Kwetu aliwakazia wagonjwa macho na kufoka, "Lala!", nao kwa adabu zao wakafumba macho papo hapo, wengine wakakoroma kabisa. Akiwadunga sindano kuwapima, wanaruka hadi mlangoni.

"Watu wako hawalaliki," akaniambia.

Nilikasirika. Hawalaliki! Mimi nimewaona Waluguru wakisalimiana njiani, mizigo kichwani: habari za nyumbani, njema; za watoto, njema; za mihogo, njema; mpaka macho yakawalegea wangali wamesimama. Nikamwambia usingizi wetu umo humo katika salamu. Akacheka, lakini akaniachia wagonjwa. Kila asubuhi niliwazoeza: nauliza polepole, wanajibu polepole zaidi, kisha nasema mkono umekuwa mwepesi, unainuka wenyewe. Siku ya kwanza hakuna mkono ulioinuka. Siku ya nne wengi hawakusikia sindano.

Ndipo mama yangu akateremshwa kutoka mlimani, kiganja cha kulia kimeumuka kama andazi. Dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha. Daktari alisema jipu lisipopasuliwa ndani ya siku tano, atakata mkono wenyewe. Na mkono ule ndio uliotulimia, ukatupikia, ukatuchapa. Mama naye hakuwahi kumtii mtu, sembuse mimi.

Siku nne nilimsalimu, naye akanisahihisha tu. "Mbuzi umewaruka." "Shikamoo gani hiyo, unafukuzwa?"

Nikaogopa kweli. Siku ya tano niliacha haraka. Nikaanza na shikamoo, nikapita kwa kila jirani, kila shamba, kila kuku. Njema, njema, njema. Sauti yake ikashuka, mkono wa kushoto ukainuka taratibu. Daktari akashika kisu. Nikaendelea kuuliza ili nisitazame.

"Habari za nyumbani, mama?"

"Mbaya," akasema, macho kayafumba. "Paa linavuja tangu ulipohamia mjini. Nalala jikoni."

Nusura niangushe beseni. Kwetu hata nyumba ikiungua, mtu hujibu njema kwanza.

Alipoamka, kiganja kilikuwa kimeshafungwa.

"Nimesema nini?"

"Njema tupu, mama."

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema, ameridhika.

Kilipopona nikapanda mlima, nikakata nyasi za kutosha. Aliporudi kutoka shambani alinikuta juu ya nyumba yake.

"Nani kakuambia linavuja?"

"Shikamoo, mama. Habari za nyumbani?"

Akaweka jembe chini.

"Marahaba, mwanangu. Njema tu," akajibu, akaninyooshea fungu la nyasi kwa mkono wa kulia.