Baba mkwe wangu alivyokabidhiwa firewall ya kompyuta ya nyumbani

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, leo nimeona na mimi niweke cha kwangu. Hii siyo chai, ni kweli tupu. Anayemfahamu mke wangu amuulize, ila asimuulize mbele za watu, sababu mtaiona.

Naishi Mkuyuni, hapa Mwanza. Mchana nauza vifaa vya ujenzi kwenye duka la mtu. Mke wangu, Mama Neema, anachapa na kuprint kazi za wanafunzi wa chuo cha kule Nyegezi. Ofisi yake ni sebule yetu: kompyuta ya mezani, printa ya Wi-Fi, na kochi la wateja kusubiria.

Sasa flash za wanafunzi mnazijua. Imepita hosteli, imepita maktaba, imepita kila stationery ya njiani, ndipo inafika kwangu.

Siku moja dada mmoja wa mwaka wa mwisho, Debora, alichomeka flash yenye ripoti yake ya field. Mafolda yote yakageuka shortcut. Ukibofya, hola. Akakaa kwenye kochi akawa analia kimya kimya, na Mama Neema ananiangalia mimi kama vile hicho kirusi nimekizaa mimi.

Tulizipata zile faili, zilikuwa zimefichwa tu. Lakini jioni mke wangu aliniambia, "Baba Neema, wakianza kusema kompyuta yetu inakula kazi za watu, hapa hatakanyaga mtu. Tafuta dawa."

Nikaanza kutafuta dawa.

Kosa langu la kwanza naomba mjifunze bure. Niliona kama antivirus moja ni nzuri, basi mbili ni nzuri zaidi. Nikaweka mbili. Zile kitu zikawa zinashukiana. Hii inamkamata yule, yule anamripoti huyu. Unawasha kompyuta, unaenda kukaanga samaki, ukirudi bado inafikiria.

Nikatoa moja, amani ikarudi.

Likabaki tatizo la kurasa zinazofunguka zenyewe. Mama Neema alikuwa anamchapia katekista ratiba ya jumuiya, mara kioo chote kikajaa dada mmoja wa kasino anazungusha gurudumu. Katekista akaangalia dirishani mpaka tulipomaliza. Hapo ndipo nikajua antivirus peke yake haikuwa inatosha kwangu, nikaongeza anti-spyware. Scan moja tu, yule dada hatukumuona tena.

Ningeishia hapo leo nisingekuwa naandika huu uzi.

Lakini nilikuwa nimesoma kwamba inatakiwa na firewall. Kwa wasiojua, antivirus inakamata faili mbaya, firewall yenyewe inakaa mlangoni, inaangalia program gani inatoka kwenda intaneti na nini kinaingia. Windows inakuja na ya kwake tayari. Mimi nikaidharau kwa sababu ilikuwa kimya. Nikaamini kitu kisichopiga kelele hakifanyi kazi.

Nikashusha nyingine, ile aina inayouliza. Kila program ikitaka kutoka, kinatokea kiboksi: Allow au Block. Mama Neema anachapa mstari mmoja, anaulizwa maswali mawili.

Ndipo baba mkwe akaja kutoka Nansio, kule kisiwani.

Mzee alikuja kutibiwa mtoto wa jicho. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizigo pale gatini, mizigo inayopanda kivuko. Gunia halipandi mpaka aligonge, aulize la nani na linakwenda wapi. Mtu wa namna hiyo umemuweka sebuleni asubiri tarehe ya upasuaji, hana cha kufanya, na pembeni yake kuna kompyuta inauliza maswali siku nzima.

Akavuta kiti. Akasogeza uso mpaka karibu na kioo kwa sababu ya lile jicho. "Mkwe, huyu anauliza nini?"

Nikamweleza. Nikamalizia kwa sentensi ambayo ningeweza ningeirudisha mdomoni: "Baba, kama humjui, bonyeza Block."

Wakuu, mzee alikuwa hamjui mtu yeyote.

Alimzuia browser. Alimzuia printa. Update ya antivirus yenyewe aliizuia, na nilipouliza kwa adabu akasema, "Huyu anatoka toka sana. Mtu mwenye shughuli yake halali hatoki kila saa." Antivirus ikawa imekaa na taa nyekundu kama mgonjwa aliyenyimwa dawa.

Akaongeza na kazi ambayo hakutumwa. Mwanafunzi akiingia, shikamoo, marahaba, kaa hapo. "Hiyo flash jana ililala wapi?" Wapo waliojibu vizuri. Kuna kijana mmoja aliona aibu, akasema amesahau kitu, akaondoka nayo.

Utasema kwa nini nisimwambie tu mzee aachie. Aliyeoa ananielewa. Baba mkwe unamwambiaje aondoke kwenye kiti? Mimi hata kupishana naye koridoni nilikuwa narudi nyuma. Na Mama Neema, kwa upande wake, alisema kompyuta niliiharibu mimi na firewall yangu, nitajua mwenyewe.

Nikatafuta njia ya wanaume waoga. Jumapili mzee akienda kanisani mimi nabaki, nafungua settings, namruhusu printa, namruhusu browser, naruhusu update. Akirudi anakuta kila kitu kinapita.

Mara ya kwanza alivifunga tena. Ya pili alinivuta pembeni.

"Mkwe, kaa chini. Humu kuna kirusi."

"Kirusi, baba?"

"Kirusi chenye akili. Mimi nafunga, chenyewe kinafungua. Na kinangoja nikiwa sipo."

Nilitakiwa niseme pale pale. Nikasema, "Duh. Tuwe makini, baba."

Basi akaamua kukikomesha. Jumapili iliyofuata hakwenda misa, alishinda kwenye kiti akiilinda kompyuta. Kisha siku moja, nikiwa kazini na Mama Neema yuko sokoni, alimuomba Debora, yule yule wa ripoti, amuoneshe kama humo ndani kuna kufuli. Debora akamuonesha sehemu ya password. Mzee akamwambia ageukie ukutani, akaandika neno lake kwa kidole kimoja. Kisha akafunga vyote upya, na kwa kuwa ile program ilikuwa na uwezo wa kuzuia hata flash, akazuia flash. Huyo Debora mwenyewe alimsaidia kutafuta hiyo sehemu, alikuwa anaona anamheshimu mzee.

Kesho yake ilikuwa siku ya upasuaji, mke wangu akaondoka naye asubuhi. Mimi niliomba ruhusa kazini nibaki na wateja.

Debora akaja kuprint. Ripoti yake Mama Neema alikuwa ameimalizia humo humo kwenye kompyuta yetu, na inatakiwa ifike chuoni kabla ofisi haijafungwa.

Printa imefungwa. Nikasema tuihamishie kwenye flash tukaprint kwa jirani, flash imefungwa. Tutume kwa email, browser imefungwa. Kuizima firewall, inataka password. Kuitoa kabisa, inataka password. Najua kuna mkuu ataandika hapa "safe mode". Asante, nimeijua baadaye.

Nikajaribu Nansio. Nikajaribu Neema. Nikajaribu jina la kivuko. Debora aliangalia saa, akasema taratibu, "Shemeji, na hili kufuli ni mimi nilimuonesha." Halafu akaanza kulia tena, kwenye kochi lile lile.

Nikampigia mke wangu. Mzee alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji, amelala wodini, jicho limefungwa bandeji. Nikaeleza tunahitaji password. Mama Neema akaweka simu loudspeaker ili mzee asihangaike kuishika.

Mzee akasema kwa sauti ya mgonjwa, "Siwezi kutaja. Kile kirusi kitasikia."

Nikawa natafuta maneno ya heshima ya kuanzia. Mke wangu hakutafuta.

"Baba, kirusi ni mkweo."

Nikasikia mgonjwa mwingine wa jirani akikohoa.

"Mkwe," mzee akaita.

"Naam, baba."

"Ni wewe uliyekuwa unafungua?"

"Ni mimi, baba. Naomba unisamehe."

"Basi ungesema. Mimi nimekosa kwenda misa nakulinda wewe."

Wakuu, Nilisimama wima pale sebuleni kana kwamba ananiona. Kisha akasema, "Andika Kisamvu. K iwe kubwa."

"Kisamvu ya mboga, baba?"

"Eeh. Ndilo jina lake alipokuwa mdogo. Alimaliza chungu cha wageni, akajificha nacho chini ya kitanda."

"Jina la nani?"

Mama Neema akadakia kwenye simu. "Baba Neema, andika uprint."

Miaka yote ya ndoa hilo jina sikuwahi kulisikia. Kwenye simu nasikia wodi inacheka, na hapa Debora anacheka huku machozi hayajakauka. Nikaandika Kisamvu, mlango ukafunguka. Ripoti ikatoka kurasa zote, Debora akapanda bodaboda, akawahi.

Mzee aliporudi niliitoa ile firewall mbele yake, kwa ruhusa yake. Sasa hivi natumia antivirus moja, firewall ya Windows, update zinajiendesha zenyewe, na flash yoyote inapigwa scan kabla ya kufunguliwa. Anti-spyware naiwasha mara moja moja. Hadi leo hatujapoteza kazi ya mtu. Ushauri wangu kwa mwenye kompyuta ya nyumbani: usichague kwa wingi wala kwa kelele. Angalia nani anaitumia siku nzima, na nani atakuwa anajibu yale maswali.

Jioni ile mzee alikaa kwenye kiti chake akaangalia kioo kwa lile jicho jipya. Muda mrefu. Hakuna kiboksi kilichotokea.

"Sasa mlangoni yuko nani?"

"Kompyuta yenyewe, baba."

"Na haimuulizi mtu?"

"Haimuulizi."

Akasogeza kiti kurudi ukutani. Kwa kweli nilijisikia vibaya.

Kwa hiyo wakuu, shida yangu ni hii. Mzee anarudi hivi karibuni kufanyiwa jicho la pili. Mwenye kujua firewall nyepesi inayouliza maswali hata machache kwa siku, ila ukijibu vibaya hakiharibiki kitu, naomba aniwekee jina hapa chini.

Na kama wewe ni mteja wetu na umelisikia lile jina kwa Debora, tafadhali, ukija kuprint, mwite Mama Neema.