Saa ya Asha

Jirani yangu hapa Dar es Salaam ni mtu wa Kigoma, na Jumapili akiamua kupika samaki kwa mawese, sina tena amani nyumbani kwangu. Mafuta yakianza kupata moto, harufu yake inapita ukumbini na kubisha hodi kila mlango. Wapangaji wengine hufunga madirisha na kunung'unika. Mimi hufungua. Nakaa kitini, mtu mzima mwenye shughuli zangu, na kwa dakika chache nakuwa tena mtoto wa Rumonge, kule Burundi, aliyenuna.

Nanuna si kwa sababu ya mafuta. Mama yangu alikuwa akiuza mawese, na kila kitu chetu kilinukia hivyo, hata madaftari yangu ya shule yalikuwa na alama za vidole za rangi ya chungwa. Nanuna kwa sababu ya simu. Harufu ile na simu ile haviachani kichwani mwangu, maana mama aliishika kwa vidole vyake vile vile, juu ya mfuko wa nailoni alioivisha ili isiharibike. Vitufe vyake vilikuwa vikiteleza kama samaki.

Simu ililetwa na ndoa ya dada yangu Asha. Baba yetu alifariki nikiwa bado mgongoni, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mama, Asha na mimi. Asha alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mpole, hodari wa kupika, hodari wa kusoma Kurani, hodari wa kila kitu kilichokuwa kinanishinda. Mtaani mama aliitwa Mama Asha. Sikuwahi kusikia mtu hata mmoja akimwita Mama Mwajuma, na niliwahi kuwaomba wenzangu wajaribu, wakacheka.

Kisha Asha akaolewa na fundi wa mashine za boti, mtu wa Kigoma. Siku alipoondoka kuelekea Nyanza-Lac ili avuke mpaka, nililia pamoja na wanawake wote wa uani. Lakini nisiwafiche, katikati ya kilio kile nilikuwa nikipiga hesabu zangu. Kitanda sasa changu. Kichwa cha samaki changu. Na mama, mama mzima, wa kwangu peke yangu.

Nilimfaidi mama msimu mmoja tu wa mvua. Jioni alinisuka nywele akinisimulia mambo ya wanunuzi wake, nami nilijiona binti mkubwa wa nyumba. Ndipo mchuuzi mmoja wa vitenge akatoka Kigoma na kifurushi. Ndani ya kitenge kipya kulikuwa na simu ndogo ya tochi, nyeusi, nzito kiganjani. Mama aliishika kwa mikono miwili kama anavyoshikwa kifaranga. "Mutoto wangu," akasema, na nikageuka kuitika. Alikuwa akisema na simu.

Mtu wa kutufundisha alikuwa Sadi, mwenye kibanda cha kuchajia simu karibu na soko. Aliweka laini ya Burundi, akaibana betri, akamwonyesha mama kitufe cha kuwashia. "Mama Asha, bonyeza hapa, usiachie. Shikilia. Shikilia." Simu ikatetemeka, ikawaka, ikaimba. Mama akaiachia ikaanguka mapajani mwake, watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Alijifunza kijani ni kupokea na chekundu ni kukata. Alijifunza tochi, na hiyo aliipenda upesi, maana alimulika nayo ndani ya bidoni, madumu yake ya mafuta, kuona kama kuna uchafu uliotuama chini. Herufi hakuzijua, ila namba alizijua vizuri, kwa hiyo Sadi hakupata taabu naye.

Mimi nilisimama nyuma ya bega la mama na kukariri kila kitu. Nilijua menyu ile kabla ya jua kuzama. Nilijua palipo na mchezo wa nyoka, palipo na milio, palipo na kengele ya kuamsha, na nilijua palipo na majina. Jina lilikuwa moja. ASHA.

"Mama, unitie na mimi," nikasema usiku ule tukila.

"Nikutie wapi?"

"Mu telefone. Jina langu."

Mama akanitazama kana kwamba nimeomba kupikwa. "Weye utaenda kufanya nini mu telefone, na uko hapa unakula ugali wangu?"

Kuanzia hapo Asha alirudi nyumbani, na alirudi mkubwa kuliko alivyoondoka. Zamani alikuwa na mdomo wake na makosa yake. Sasa alikuwa mlio tu, na mlio haukosei. Kupiga simu kutoka Kigoma kulikuwa ghali, kwa hiyo alikuwa akibipu. Simu ililia mara moja ikakata, na maana yake ilikuwa nipo, mzima, nakukumbuka. Mama naye alijibu kwa kubipu. Hakuna aliyesema neno, lakini uso wa mama ulikuwa uking'aa mpaka nikatamani kuitumbukiza simu ndani ya bidoni.

Siku Asha alipopiga kweli, ilikuwa sikukuu ya mtaa mzima. Nakumbuka jioni moja mama alikuwa akinisuka. Upande wa kulia ulikwisha, upande wa kushoto umesimama kama kichaka, na kitana kimechomekwa katikati. Simu ikalia, na haikukata. Mama akaruka, akatoka nje kutafuta mtandao kwenye ukuta wa jirani, pale ulipokuwa ukishika vizuri. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi. Lakini baada yake ilibidi amsimulie kila jirani aliyekuwepo kila neno alilosema Asha, kisha aanze tena kwa waliochelewa. Nililala na kichwa nusu. Asubuhi shuleni waliniuliza kama mama amefilisika nyuzi.

Sasa niwaambie kuhusu saa, maana ndiyo iliyonimaliza. Simu ilikuwa imetoka Kigoma, na Kigoma wanatangulia saa moja mbele yetu. Ziwa ni lile lile, jua ni lile lile, samaki hata hawajui, lakini ukivuka mpaka saa inaruka. Hakuna aliyelifikiria hilo. Zamani tuliamka kwa adhana na kwa mwanga; sasa mama alikuwa na namba zinazowaka, na aliziamini. Asubuhi moja ya mawingu alinivuta kitandani. "Amuka, umechelewa!" Nilipomwambia nje bado ni giza, akanijibu kwamba simu haioni mawingu.

Nilikimbia njia nzima. Shuleni niliwakuta wawili tu: mzee wa zamu akijifunika blanketi, na mbuzi mmoja. Nikakaa kwenye jiwe la langoni nikiwasubiri wenzangu, huku naona wavuvi ndiyo kwanza wanavuta mitumbwi nchi kavu. Siku ile jirani yetu, aliyekuwa ameuliza saa kwa mama, naye aliliwahi gari la kwenda Kizuka kupita kiasi, akakaa kando ya barabara na mikungu yake ya ndizi mpaka akasinzia.

Sadi ndiye aliyegundua. Aliitazama simu, akaitazama saa yake ya mkononi, akacheka. "Mama Asha, hii iko saa ya Tanzania. Lete niigeuze."

Nilifurahi kuliko siku ya Idi. Lakini mama akaifumba simu kiganjani.

"Hapana. Uiache."

"Iko inakosea, mama."

"Haikosei. Iko saa ya Asha."

Na ikabaki hivyo. Mama aliazimia kupunguza saa moja kichwani kila anapotazama, na mara nyingi alifanya hivyo, ila asubuhi akiwa na haraka ya kuwasha moto alisahau. Sijui ni mara ngapi nilikaa kwenye jiwe lile na yule mbuzi. Nyumba yetu ilikuwa Rumonge, paa letu lilikuwa Rumonge, lakini tuliishi kwa saa za Asha. Mimi nilikuwa kama mgeni aliyekuja na saa yake isiyotakiwa. Niliona wivu ulionikaa tumboni kama ugali mbichi, na nilikuwa nao kila siku, nikila, nikicheza, nikisali.

Kisha umeme ukakatika mtaani kwetu kwa muda mrefu. Betri ikaisha, simu ikafa, na Sadi alikuwa amesafiri kwenda msibani. Umeme uliporudi tukaichaji kwa jirani, ikawaka, ikaimba, lakini saa ilikuwa imerudi sifuri. Mama aliigeuzageuza, akaipuliza, akaifuta kwa kitenge.

"Mwajuma," akaita. "Weye unajua hizi. Nitilie saa."

Hakuwahi kunikabidhi simu ile kwa hiari yake. Nilivifuta vidole vyangu kwenye gauni kwanza. Nikaingia kwenye menyu, nikapita milio, nikapita kengele, nikafika panapoandikwa saa, bila kukosea hata mahali pamoja. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza saa ya Bujumbura. Nikainua uso.

"Niweke ya hapa?"

"Weka ya Yaya yako Asha."

"Mama, sisi tunakaa hapa."

"Najua tunakaa wapi." Akakaa karibu nami kwenye mkeka. "Nikiiangalia hii, najua sasa anawasha jiko, sasa mume wake anarudi, sasa anaswali. Bila hii sijui kitu. Nitamtafutia wapi?"

Nikasema nililokuwa nimelibeba siku zote zile, na nililisema kwa sauti mbaya. "Na mimi je? Mimi saa yangu iko wapi?"

Mama akashangaa kabisa. Sidhani kama aliwahi kuona kuna swali hapo. "Weye? Weye nikitaka kujua unafanya nini, nageuza shingo tu."

Alisema na kucheka kidogo, akanipigapiga mgongoni. Mimi nilisikia tusi. Asha alikuwa na jina, na mlio, na saa nzima ya mchana na usiku. Mimi nilikuwa na shingo kugeuzwa. Niliongeza saa moja kwenye ile ya redio, nikabonyeza sawa, nikamrudishia simu yake. Nilikwenda kulia nyuma ya mapipa ya mafuta, na hata pale mama aliniita mara moja tu, kwa sababu alijua niko wapi.

Miaka ilipita, kama inavyopita. Mume wa Asha alipata kazi kwetu, wakarudi Rumonge na watoto wao, wakajenga ukuta kwa ukuta na mama. Mimi nikafuata masomo ya ushonaji, nikafuata mteja, nikafuata mume, mpaka nikajikuta huku Dar es Salaam, mbali na ziwa. Mama nazungumza naye kila wiki. Simu yake bado ni ya vitufe, si ile ya kwanza, lakini ni ndugu yake. Hizi za kupapasa anasema zinamchezea.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Mama alikuwa nje na mnunuzi, mimi niko jikoni, na simu imelala dirishani ndani ya mfuko wake wa nailoni. Niliiokota nitazame saa. Ilikuwa mbele kwa saa moja.

Ndugu zangu, mimi ni mwanamke mwenye watoto. Lakini wivu ule ulinipanda vile vile, haukuzeeka hata siku moja. Asha alikuwa pale pale uani, amekaa kwenye kigoda anachagua ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, anaonekana kwa macho, na bado mama anatembea na saa yake! Nikamwendea nikicheka, kicheko cha meno tu.

"Yaya, weye ulirudi zamani. Saa yako ndiyo imebaki Kigoma?"

Asha aliinua uso, akaitazama simu mkononi mwangu, akanitazama na mimi.

"Saa yangu? Yangu aliitoa siku ile ile nilirudi. Sikupumuzika hata, alinipa telefone, anasema rudisha ya hapa. Hiyo iko yako. Ulienda Dar, kesho yake akanitafuta niigeuze." Akawatupia kuku ndagala mmoja mbovu, kwa nguvu kidogo. "Miye nampeleka ku dispanseri, tunakuta mulango bado umefungwa. Kila mara. Sababu yako."

Akacheka. Kicheko kile nakijua, nimekitumia sana.

Utotoni nilidhani simu ni mahali wanapowekwa wanaopendwa zaidi, nikagombania nafasi. Kumbe ni mahali mama alipowaweka waliomtoka mkononi. Nilikuwa nimekaa miaka mingi huku Dar nikiwa na kile nilichokililia nyuma ya mapipa, na sikujua, kwa sababu nisingeweza kukipata bila kuondoka. Asha aliyajua haya kabla yangu. Na miaka ile aliyokuwa akibipu kutoka Kigoma, labda alikuwa akiniwaza mimi, na kichwa changu nusu kimesukwa, na kunionea wivu.

Mama aliingia uani akifuta mikono kwa kitenge. Alikuwa amechoka, jua limemchoma. Akaichukua simu mkononi mwangu bila kutazama nani ameishika, akaisogeza mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akasoma namba.

"Saa hii Mwajuma ametoka kazini," akasema peke yake.

Nilikuwa nimesimama mbele yake.