Diski ya Nyongeza

Laiti ningeikataa ile diski ya kukatia chuma. Ningesema asante, nikamrudishia mwenyewe pale pale Inyonga, nikapanda basi na vitu vitatu nilivyovinunua. Badala yake niliipokea kwa mikono miwili huku nacheka. Siku ilipokuja kuzunguka kwa mara ya kwanza, aliyekaa mbele yake alikuwa mke wangu.

Nilikuwa nimestaafu kazi ya kutunza stoo. Miaka yote ile niliwapa watu vifaa asubuhi na kuvipokea jioni. Nilivijua kwa majina na kwa uzito, lakini jinsi vinavyofanya kazi sikujua. Halafu kulikuwa na swali la tangu kidato cha tatu. Mwalimu wa fizikia alichora ubaoni nyaya mbili zilizozungushiwa chuma kimoja, akasema umeme unavuka kutoka waya huu kwenda ule bila nyaya kugusana. Kengele ikagonga, akafuta ubao. Mimi nikabaki nalo hadi uzeeni.

Ndiyo maana niliposikia kuna fundi wa kuchomelea huko Inyonga anafunga karakana ili afuge nyuki, nilikwenda kesho yake. Mashine yake ya kuchomelea aliisuka mwenyewe ndani ya boksi la bati. Nilimwomba aifungue. Na kweli, ndani zilikuwepo nyaya mbili, mmoja mwembamba na mwingine mnene kama kidole, zimezungushiwa chuma kimoja, hazigusani. Nilichuchumaa pale nikitazama hadi miguu ikafa ganzi.

"Mzee, unanunua au unafanya mtihani?" fundi akaniuliza.

"Vyote viwili."

Akacheka. Aliponiuliza kwetu ni wapi nikamwambia, akapiga makofi. "Kumbe mtani wangu! Ndiyo maana. Nyie kwenu hata kuku mnamkagua meno."

Tangu hapo kila alichosema kilikuwa utani, na katikati ya utani akanifundisha. Nusa hapa, waya ulioungua unanuka kama kucha iliyochomwa. Shika grenda, izungushe kwa mkono taratibu, isikilize. Ukisikia mchanga ndani, beringi zimekwisha. Grenda yake ilikuwa ile ndogo ya mkono, ya kukatia na kusagia chuma, na haikuwa na mchanga. Kinga yake ilikuwepo, kile kibati cha nusu duara kinachofunika diski ili ikipasuka isimrukie mtu. Nikachukua mashine, grenda, na jiliwa la kubania chuma.

Tulipokubaliana nikadai nyongeza. Kwetu biashara haiishi bila nyongeza. Hata mama wa sokoni akishakupimia mchele anaongeza kiganja juu, na asipoongeza unahisi hamkuagana vizuri. Fundi akatazama huku na huku, karakana karibu tupu, akainua diski moja mpya ya kukatia, kubwa kama sahani ya wali. Ilibaki baada ya kuuza grenda yake kubwa.

"Chukua, mtani. Ila hii ni shati la kaka mtu. Ukimvalisha mdogo, atakimbia nalo hadi lichanike."

"Nitamkunjia mikono," nikasema.

Tukacheka wote. Mtu anapokutania, unarudisha utani, hukai kupima maneno. Na nyongeza haikataliwi.

Nyumbani Ilembo niliezeka bati pembeni ya jiko, ikawa karakana. Mke wangu alianza kuja na ungo wake wa mchele, anakaa kwenye kigoda, anachambua mawe huku akiniuliza maswali mengi kuliko wanafunzi wote wa darasa letu la zamani. Yeye ndiye aliyegundua mambo ya cheche. Nilikuwa nimetoka kusaga msumari, sasa nasaga jembe bovu, akasema, "Baba, hebu subiri. Saga tena ule msumari." Nikausaga. "Umeona? Za msumari zinakwenda moja kwa moja kama mvua. Za jembe zina matawi."

Ilikuwa kweli. Wiki nzima tulisaga kila chuma tulichokiokota: spoku ya baiskeli, kipande cha springi ya lori, bawaba ya mlango. Yeye akiangalia cheche anasema hiki ni kigumu, hiki ni laini, nami nakijaribu kwa nyundo. Mara nyingi alipatia. Sikumbuki wakati mwingine katika ndoa yetu tulipozungumza kiasi kile.

Akaniomba nimtengenezee kichanja cha chuma cha kuanikia vyombo. Nikiwa katikati, diski ndogo zikaisha. Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa, maduka ya vifaa yamefungwa. Nikaikumbuka nyongeza.

Tundu lake la katikati liliingia kwenye grenda bila shida. Kilichozuia ni kinga tu. Nikageuza diski nisome maandishi, maana mimi kila chenye maandishi nakisoma. Kulikuwa na namba ya mizunguko, mwisho ambao diski haipaswi kuuzidi. Nikasoma na kibandiko cha grenda kinachoonyesha mwendo wake.

"Zinasema nini?" mke wangu akauliza.

"Mwendo. Grenda inazunguka mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa diski."

"Sasa si inamaanisha isifungwe hapo?"

"Hao walioiandika ni waoga. Wanaandika hivyo ili mtu akiumia asiwashtaki."

Nilisema hivyo nikiwa na bisibisi mkononi, tayari nafungua kinga. Nilijua fizikia ya kutosha: diski ikiwa kubwa, ukingo wake unakimbia zaidi. Lakini nilitaka kuona itakataje. Huo ndio ukweli, sitaki kuusingizia uharaka wa kichanja. Nikavaa miwani yangu ya kukinga macho. Yeye alikaa kwenye kigoda chake kama kawaida, na sikumwambia asogee.

Kipande cha kwanza kilikatika kama muwa. Nikamgeukia, nikamwona anatabasamu. Kwenye kipande cha pili diski ikapasuka kwa mlio mmoja mfupi, na mkononi grenda ikawa nyepesi ghafla. Mchele ulikuwa umemwagika. Alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili, hapigi kelele, anasema tu, "Baba, zima. Baba, zima kwanza."

Hospitali ya Mpanda walimfunga bandeji, wakatuandikia rufaa ya hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Nilipompigia fundi simu baadaye, nilitegemea atanitania. Akasema, "Mzee, nilikwambia." Hakuniita mtani. Na kweli aliniambia. Mimi ndiye niliyecheka.

Kuipokea diski ile, na kuifunga huku nimezisoma namba zake, kulimgharimu mke wangu jicho la kushoto, madaktari walilitoa. Mimi kulinigharimu maswali yake. Tunakula pamoja, tunasali pamoja, hajawahi kunitukana. Lakini hakuingia tena kwenye karakana, na tangu siku ile hajaniuliza kitu chochote kinafanyaje kazi.